Mzinga Una Kinga Yake, Tusiivunje

(Haya ni maandishi ya mazungumzo aliyoyatoa afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wafugaji wa nyuki, siku ya mafunzo katika ukumbi wa wadi. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa nusu saa. Nitajaribu nisiipitishe, maana nimeona chai imeshaandaliwa pale nje, na mtu hashindani na chai.

Kwanza niseme wazi: mimi si daktari wa mifugo. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu katika serikali ya kaunti ni kuandika matangazo mnayoyaona kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, mnayoyasikia redioni na mnayotumiwa kwa simu. Kwa hivyo mna haki ya kuuliza: huyu ana nini cha kutufundisha kuhusu nyuki? Jibu langu ni kwamba nina deni kwenu, na leo nimekuja kulilipa.

Misimu miwili iliyopita niliandika tangazo kuhusu utitiri wa varoa, kile kidudu chekundu kinachomganda nyuki mwilini. Tangazo lilikuwa fupi, lina picha kubwa, na chini yake niliandika: “Ukiuona, chukua hatua mara moja.” Sikusema ni hatua gani. Wakati huo nililiona tangazo zuri kabisa.

Mjomba wangu alilisoma sokoni. Alikuwa na mizinga 14, mingine ya magogo aliyoachiwa na babu, mingine ya kisasa. Alifungua mzinga mmoja akaona vidudu viwili, basi akachukua hatua. Alienda duka la pembejeo akanunua dawa ya kuoshea ng'ombe kupe. Akakwangua gundi yote iliyokuwa imebandikwa na nyuki ndani ya mizinga ili dawa ienee vizuri, kisha akanyunyizia. Siku ya tatu alinipigia simu: “Mpwa wangu, hatua nimechukua. Sasa njoo uniambie nyuki wamekwenda wapi.”

Nilipofika, mizinga 9 kati ya 14 ilikuwa kimya. Mingine nyuki walikuwa wamelala chini wamekufa, mingine walikuwa wamehama. Asali iliyobaki haikufaa kuliwa. Mjomba hakunigombeza. Alinipa jembe tukachimba shimo, tukachoma masega na kuyafukia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza maafisa wa mifugo, nikisoma tafiti, na kukaa na wafugaji wa siku nyingi. Nimejifunza jambo moja ambalo ningelijua mapema, lile tangazo lingekuwa tofauti: mzinga una kinga yake. Mdudu ana namna zake za kupigana na vimelea na maradhi, na mara nyingi sisi ndio tunaozivunja. Leo nitaeleza kinga hiyo inavyofanya kazi, kisha tuone tunavyoiharibu.

KINGA NDANI YA MWILI WA MDUDU

Binadamu akichanjwa au akiugua surua akapona, mwili wake hutengeneza kingamwili zinazoukumbuka ugonjwa ule kwa miaka mingi. Wadudu hawana kingamwili za aina hiyo. Hata hivyo wameishi duniani kwa zaidi ya miaka milioni 300, wakizungukwa na bakteria, kuvu, virusi na vimelea. Wanafanyaje?

Ulinzi wa kwanza ni gamba. Mwili wa mdudu umevikwa gamba gumu lenye mafuta ya nta juu yake. Vijidudu vingi vya maradhi huishia hapo.

Ulinzi wa pili uko ndani ya damu. Damu ya mdudu si nyekundu kama yetu, lakini ina chembe za ulinzi. Bakteria akipenya, chembe hizo humzingira na kummeza. Aliyeingia akiwa mkubwa kupita kiasi, kwa mfano yai lililotagwa na nyigu ndani ya kiwavi, chembe nyingi huungana na kumfunika tabaka juu ya tabaka, kisha mahali pale hugeuka peusi na kuwa pagumu. Mvamizi hufungiwa humo hadi afe. Huenda umewahi kuona alama nyeusi kwenye kiwavi aliyejeruhiwa. Lile ni kovu, na weusi wake ni sehemu ya dawa.

Ulinzi wa tatu ni viwanda vya dawa. Ndani ya tumbo la mdudu kuna tishu ya mafuta inayofanya kazi nyingi, mfano wa ini letu. Maradhi yakiingia, tishu hiyo hutengeneza protini ndogondogo zinazotoboa bakteria na kuvu na kuwaua. Mwaka 1996, mtafiti Jules Hoffmann na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba nzi wadogo wa matunda wenye hitilafu katika jeni moja iitwayo Toll hufa wakiambukizwa kuvu, kwa sababu hawawezi kuwasha kiwanda hicho. Baadaye ikabainika kwamba sisi binadamu nasi tuna jeni za ukoo huohuo zinazotuonya maradhi yanapoingia. Kwa kazi hiyo Hoffmann alikuwa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2011. Kwa hiyo yule nzi tunayemfukuza kwenye ndizi mbivu ameufunza ulimwengu mengi kuhusu miili yetu.

Sasa turudi kwa nyuki. Mwaka 2006 wanasayansi walipomaliza kusoma jeni zote za nyuki wa asali, walishangaa. Jeni zake za kinga zilikuwa takriban thuluthi moja tu ya zile za nzi au mbu. Hebu fikirini: nyuki wanaishi maelfu kwa maelfu ndani ya chumba kimoja chenye joto na sukari, wanalishana mdomo kwa mdomo, na wote ni watoto wa mama mmoja. Ugonjwa ukiingia mahali kama hapo ungetarajia uwamalize kwa wiki moja. Kwa kawaida hauwamalizi.

Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba nyuki hajilindi peke yake. Mzinga mzima hujilinda kama boma.

KINGA YA BOMA ZIMA

Nitataja mambo saba. Mengi yake mmeyaona kwa macho, ila pengine hamkuambiwa maana yake.

La kwanza ni usafi. Katika mzinga mzuri wako nyuki vibarua ambao kazi yao ni kukagua majana, yaani watoto wa nyuki, hata wale waliokwisha kufunikwa kwa nta. Wakinusa kwamba jana fulani ni mgonjwa, hutoboa kifuniko, humtoa na kumtupa nje kabla ugonjwa haujakomaa na kuenea. Mtafiti wa Marekani aitwaye Walter Rothenbuhler alionyesha mwaka 1964 kwamba tabia hii hurithiwa. Kuna koo za nyuki wasafi na kuna koo za nyuki wazembe, kama tunavyojua majumbani mwetu.

La pili ni mazishi. Nyuki akifia ndani, wako wanaombeba na kumpeleka mbali. Na yuko nyuki mgonjwa ambaye hangoji kubebwa: hutoka mwenyewe akaenda kufia nje, asiwaambukize nduguze.

La tatu ni homa. Majana hulelewa katika joto la karibu nyuzi 35. Kuna ugonjwa wa kuvu unaogeuza majana kuwa kama chokaa, na kuvu hiyo hustawi majana yakipoa kidogo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kuvu hiyo ikiingia, nyuki hupandisha joto la masega kabla majana hayajafa. Mzinga mzima hushikwa na homa kwa makusudi, kama mwili wako unavyochemka ukiwa na maambukizi.

La nne ni gundi, ile nyeusi au ya kahawia inayonata mikononi na kutuudhi. Nyuki huikusanya kutoka kwenye utomvu wa miti. Mti hutoa utomvu ili kujilinda na kuvu na wadudu, na nyuki huichukua dawa hiyo ya mti akaipaka kwenye kuta za nyumba yake. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walipaka gundi ndani ya mizinga kadhaa na mingine wakaiacha bila. Katika ile iliyopakwa, nyuki walikuwa na bakteria wachache, na kinga ndani ya miili yao haikulazimika kufanya kazi nyingi. Kuta za mzinga ziliwapunguzia mzigo. Mjomba wangu alipoikwangua yote, aliwavua nyuki nguo kisha akawamwagia sumu.

La tano ni asali yenyewe. Nyuki hupunguza maji ya mbochi hadi yawe chini ya asilimia 20 hivi, na huongeza kimeng'enya kutoka kwenye tezi za kichwa. Kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile inayouzwa madukani ya kusafishia vidonda. Ukiongeza uchachu wa asali na uhaba wa maji, bakteria wengi hawawezi kuzaana humo. Ndiyo maana asali iliyoiva na kufunikwa haiozi, ilhali ile ya haraka iliyovunwa mbichi huchacha na kukurudishia wateja.

La sita ni jela. Yuko mbawakavu mdogo mweusi anayevamia mizinga na kutaga mayai kwenye masega. Huyo ni mwenyeji wa Afrika, kusini mwa Sahara. Alipofika Florida nchini Marekani mwaka 1998, aliharibu mizinga mingi, kwa sababu nyuki wa huko hawakumzoea. Nyuki wa Kiafrika wanamfahamu. Watafiti nchini Afrika Kusini wameona nyuki wakimfukuza hadi kwenye ufa, kisha wakamjengea ukuta wa gundi na kuweka walinzi mlangoni. Mbawakavu naye ana ujanja: humgusagusa mlinzi mdomoni kama nyuki mwenye njaa, hadi apewe chakula. Basi mfungwa anaishi kwa kubembeleza askari, lakini hatagi kwenye majana.

La saba ni kuhama. Wengi wetu huona hasara nyuki wa hapa wanapohama. Ni kweli ni hasara kwa mwenye mzinga. Lakini nyuki wanapoondoka, huacha nyuma masega, majana, na vimelea vingi vilivyojificha ndani ya majana hayo. Huanza maisha mapya katika nyumba safi.

Yapo mengine yanayoendelea kugunduliwa. Nilisema wadudu hawana kingamwili kama zetu, lakini imeonekana kwamba malkia aliyekutana na bakteria wa ugonjwa huweza kupitisha vipande vidogo vya bakteria hao kwenye mayai yake, na watoto wakazaliwa wakiwa na utayari fulani. Kwa kutumia ujuzi huo, mwaka 2023 Marekani ilitoa kibali cha masharti kwa chanjo ya kwanza ya nyuki, dhidi ya ugonjwa hatari wa kuoza kwa majana. Haidungwi kwa sindano. Huchanganywa kwenye chakula cha nyuki vibarua, nao humlisha malkia.

VAROA NA NYUKI WETU

Sasa niingie kwenye tangazo langu.

Utitiri wa varoa asili yake ni bara la Asia, ambako uliishi na nyuki wa huko bila kuwamaliza. Watu walipohamisha mizinga ya nyuki wengine hadi Asia na kuirudisha, utitiri ukapata mwenyeji mpya na kusafiri naye karibu dunia nzima. Huingia kwenye chumba cha jana muda mfupi kabla hakijafunikwa, ukazalia humo. Mwaka 2019 mtafiti Samuel Ramsey na wenzake walionyesha kwamba utitiri huu hula hasa ile tishu ya mafuta. Mnakumbuka tishu ya mafuta ndiyo nini? Ndiyo kiwanda cha dawa cha nyuki. Yaani mwizi anaingia na kula duka la dawa. Wakati huohuo hueneza virusi vinavyowafanya nyuki wazaliwe na mbawa zilizokunjamana. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani mizinga mingi hufa ndani ya miaka michache mfugaji asipoidhibiti varoa. Australia iliugundua utitiri huu mwaka 2022, ikaharibu maelfu ya mizinga ikijaribu kuumaliza, na mwaka 2023 ikakubali kwamba haiwezi tena.

Hapa Kenya uligunduliwa mwaka 2009. Mwaka uliofuata, watafiti wakiwemo Dkt. Elliud Muli wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kule Kitui, na wenzake kutoka Marekani walikagua mizinga katika maeneo 24 nchini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliukuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Lakini hawakuona kwamba makundi ya nyuki yenye utitiri yalikuwa madogo au dhaifu kuliko yale yasiyo nao. Pia walikuta mabaki ya dawa za kuua wadudu kwa kiasi kidogo.

Kwa nini nyuki wetu walisimama pale wengine walipoanguka? Sababu huenda ni kadhaa kwa pamoja. Nyuki wa Kiafrika hujisafisha na kusafishana sana. Hutoa majana yaliyoshambuliwa. Majana yao hukaa chini ya kifuniko muda mfupi kidogo kuliko ya nyuki wa Ulaya, hivyo utitiri hupata nafasi ndogo ya kuzaa. Hugawanyika na kuhama mara nyingi. Na wafugaji wetu wengi hawakuwa wametia dawa mizingani, kwa hivyo makundi dhaifu yalikufa na yenye nguvu yakaendelea kuzaa.

Sisemi nyuki wetu hawawezi kudhurika. Kinga ni kama ua la boma: lina nguvu mradi halijatobolewa. Tuone basi tunavyolitoboa.

TUNAVYOIVUNJA KINGA HII

Kosa la kwanza ni kutia dawa ndani ya mzinga bila ushauri. Dawa ya kupe wa ng'ombe imetengenezwa kuua kupe, naye utitiri ni wa ukoo wa kupe, ndiyo sababu mtu hudhani itafaa. Lakini nyuki ni mdudu pia, na dawa nyingi za aina hiyo ni sumu kali kwake. Isitoshe, nta hufyonza dawa hizo na kuzihifadhi. Utanyunyizia leo, msimu ujao mteja wako atalamba.

La pili ni dawa za shambani. Hapa si mfugaji peke yake. Ni jirani yake pia, mwenye nyanya, ndengu au maembe. Nyuki anaweza asife papo hapo. Mwaka 2013, watafiti wa Naples nchini Italia walionyesha kwamba dozi ndogo za dawa za jamii ya neonikotinoidi huzima sehemu ya kinga ya nyuki, na virusi vya mbawa kukunjamana vikaongezeka mwilini mwake. Kwa hivyo ukiona nyuki wameugua mwezi mmoja baada ya jirani kupulizia, huenda dawa haikuwaua. Iliwafungulia mlango wauaji wengine. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za jamii hiyo kwenye mashamba ya wazi.

La tatu ni viuavijasumu. Kuna wanaochanganya dawa za ng'ombe na maji ya sukari wakadhani wanawakinga nyuki. Tumbo la nyuki lina bakteria wazuri wanaomsaidia. Watafiti wa Texas mwaka 2017 waliwapa nyuki tetrasaiklini, bakteria hao wakapungua, na nyuki waliorudishwa mzingani wakafa kwa wingi kuliko wasiopewa. Pia mabaki yake yakikutwa kwenye asali, soko linakufungia mlango.

La nne ni njaa. Kinga hutengenezwa kwa chakula. Mwaka 2010 watafiti nchini Ufaransa walilinganisha nyuki waliolishwa chavua ya maua ya aina nyingi na waliolishwa ya aina moja. Wale wa aina nyingi walikuwa na nguvu zaidi ya kile kimeng'enya kinachotia dawa kwenye asali. Tukikata migunga na mikwaju kwa ajili ya makaa, tumekata chavua, mbochi na utomvu wa gundi kwa panga moja. Na tukivuna sega lote hadi la mwisho msimu wa kiangazi, tumewaacha walinzi wa boma bila mlo.

La tano ni kuhamisha maradhi. Masega yaliyotumika, mizinga mikuukuu kutoka mbali, na malkia wa kigeni wanaouzwa mtandaoni vinaweza kuleta ugonjwa ambao nyuki wetu hawajawahi kukutana nao. Varoa ilisafiri hivyo hivyo.

JE, TUKAE TU TUTAZAME?

Mzee mmoja aliniuliza swali hili nilipokuwa nikijiandaa: “Sasa unatuambia tufunge mikono?” Hapana, mzee wangu. Kazi ipo, ila ni kazi ya kuwasaidia walinzi, si ya kuwapokonya silaha.

Siafu bado watakuja. Paka grisi kwenye nguzo na fyeka nyasi. Nondo wa nta huvamia mizinga dhaifu. Ondoa masega matupu na makuukuu. Nyufa kubwa ziba, zile ndogo waachie wenyewe wazibe kwa gundi. Gundi ikwangue pale tu inapokuzuia kufungua, na ubakize iliyo kwenye kuta.

Ukitaka kujua nyuki wako ni wasafi kiasi gani, liko jaribio rahisi. Ukisaidiwa na afisa wa mifugo, jioni, ukiwa na mavazi na moshi, chagua sega la majana yaliyofunikwa. Toboa vyumba 100 kwa pini nyembamba ili majana yale yafe, weka alama, rudisha sega, uhesabu baada ya saa 24. Kundi lililosafisha karibu vyumba vyote ni la kutunzwa. Ukitaka kugawanya makundi, anza na hilo.

Na ukiona majana yameoza yananuka, au nyuki wengi wenye mbawa zilizokunjamana, usinunue dawa na usiuze sega. Piga simu ofisi ya mifugo ya wadi. Katiba ya mwaka 2010 imeipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo, na nyuki ni mifugo. Huduma hiyo ni haki yenu, msione aibu kuidai.

Wenye mashamba, nawaomba mambo mawili. Msipulizie mimea ikiwa na maua. Ikilazimu, pulizieni jioni nyuki wakisharudi nyumbani. Na mwambieni jirani mwenye mizinga siku moja kabla. Nyuki wake ndio wanaochavusha maembe yenu.

MWISHO

Mtauliza habari za mjomba. Mizinga iliyonyunyiziwa hakuirudisha juu ya miti mara moja. Ile ya mbao aliitupa, ya magogo akaichonga upya ndani hadi mti mweupe ukaonekana. Akaipaka nta kutoka kwenye ile mitano iliyosalimika, akaitundika, akangoja mvua. Leo hii mizinga 6 ina nyuki tena. Mwezi uliopita nilimkuta amekaa chini ya mgunga akitazama nyuki mmoja akiburuta jana lililokufa kutoka mlangoni. Akaniambia, “Huyu ndiye daktari. Andika hivyo.”

Basi nimeandika. Tangazo jipya litabandikwa kuanzia wiki ijayo, na kabla halijachapishwa nimemsomea afisa wa mifugo na mjomba pia. Linasema hivi:

“Ukiona utitiri kwenye nyuki wako, usitie dawa. Usikwangue gundi. Waachie nyuki asali ya kutosha. Uliza jirani kama amepulizia shamba. Kisha mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako.”

Ni refu kuliko lile la kwanza, na picha imekuwa ndogo. Lakini safari hii limesema hatua ni ipi.

Maswali mepesi nileteeni mimi. Yale magumu, daktari wa mifugo amekaa pale karibu na dirisha, na ameniahidi hataondoka kabla ya chai.